Asiyekubali Kutangulizwa

Sikumpenda Matroni, na sidhani kama alikuwepo mtu aliyempenda katika ile shule ya bweni ya Kihesa, Iringa, nilikofundisha miaka sita. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akadhani naandika kwa mapenzi. Kuna watu tunawakumbuka kwa wema wao, na kuna wengine tunawakumbuka kwa sababu tuna kesi nao ambayo haijaisha. Yeye ni wa kundi hilo la pili, na katika kesi hiyo mshtakiwa si yeye.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya puani. Alivaa sweta moja la kijani mwaka mzima, iwe baridi ya Julai au jua la Novemba, na miguuni alivaa buti za mvua hata kiangazi vumbi likitimka. Watoto walisema anavaa buti ili asikike akija. Nilipomuuliza alikubali. Alisema mtoto akimsikia mapema anapata nafasi ya kuacha ujinga wake mwenyewe, na anayekamatwa baada ya hapo amejitakia.

Hakuwaita watoto kwa majina. Aliwaita kwa aibu zao. Kulikuwa na Kikojozi, kulikuwa na Makamasi, kulikuwa na binti mmoja wa mchungaji aliyeitwa Mwizi wa Sabuni kuanzia darasa la pili hadi anamaliza la saba, kwa kipande kimoja cha sabuni alichokiokota bafuni. Aliyekojoa kitandani alizunguka uwanja na godoro kichwani huku wenzake wakienda paredi. Sisi walimu tulitazama pembeni. Mwalimu Mkuu alikuwa akisema kwamba bweni la wasichana mia mbili haliendeshwi kwa kubembeleza, nasi tulijibu ndiyo, tukaenda kunywa chai.

Atupele aliletwa na mama yake akiwa darasa la kwanza. Mama Atu alikuwa mjane, anauza vitenge Mwanjelwa kule Mbeya, na kila wiki alikwenda mpakani kufuata mzigo. Shule mbili za huko zilimkataa mtoto baada ya kusoma barua ya daktari. Yetu ilimpokea kwa sababu madarasa yalikuwa na nafasi. Barua ilisema mtoto ana mzio wa karanga, mkali kiasi kwamba hata unga kidogo uliochanganyika na chakula kingine unaweza kumfunga koo akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Mtu asiyezijua nyanda zetu za juu anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Huku karanga imo kwenye majani ya maboga, imo kwenye kisamvu, imo kwenye uji wa lishe wanaonyweshwa watoto, imo mfukoni mwa bibi anayekuja kumwona mjukuu. Mgeni akipewa mboga bila karanga anajiuliza kawakosea nini wenyeji. Mtoto asiyeweza kula karanga Iringa ni mtoto asiyeweza kukaribishwa popote, na kwetu anayekataa kukaribishwa ana dharau.

Matroni aliisoma ile barua taratibu, kidole kikifuata mistari. Kisha akamuuliza mama swali moja tu.

"Na akifa, nimpigie nani?"

Mama Atu aliangua kilio pale pale ofisini. Matroni alisubiri, kalamu mkononi.

"Mama, ukilia hutanijibu. Nipe namba."

Alipoipata aliiandika kwenye kiganja, halafu akamtazama mtoto kuanzia viatu hadi utosi. "Haya. Huyu ni mzigo wangu." Tangu siku hiyo Atupele akaitwa Mzigo, na akaitika.

Nilikuwa mwalimu wa chakula, yaani ninayesaini stoo na kupanga zamu za jikoni, kwa hiyo niliona mengi kuliko wenzangu. Mwaka huo wa kwanza Atupele alikuwa na rafiki mmoja, Neema, mtoto mwenye roho nzuri, ambaye alificha kipande cha kashata ya karanga na kumgawia Atupele nusu nyuma ya vyoo. Alimgawia kwa upendo. Midomo ya Atupele ilivimba, macho yakazibika, na tulifika hospitali ya mkoa akiwa anakoroma. Alipona. Aliporudi, Matroni alimwita Neema akamchapa fimbo nne. Kisha akamwita Atupele, bado ana plasta ya dripu mkononi, akamchapa mbili.

"Mwenzio kakupa kwa ujinga," alimwambia. "Wewe umepokea kwa aibu. Aibu ndo itakuua, Mzigo, sio karanga."

Nililia ofisini kwa hasira. Nilimwambia Mwalimu Mkuu kwamba yule si matroni, ni askari magereza. Nilipenda sana maneno yangu hayo, nikayarudia kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza.

Baada ya hapo ndipo sahani nyekundu ilipokuja. Ilikuwa sahani ya bati na kikombe chake, Matroni akavipaka rangi ya geti iliyobaki, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuvigusa. Atupele alikula peke yake kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mgongo ukutani, wakati wengine wamebanana kwenye meza wanacheka. Aliyemsogelea akiwa na chakula mkononi alichapwa. Kila Jumatatu Matroni alimsimamisha mbele ya paredi, akamwinua kidevu ili shule nzima ione shingo yake, akasema, "Mtazameni vizuri. Huyu akifa, mtakuwa mmemuua ninyi." Wengine walikuwa na miaka sita. Kuna mtoto wa darasa la kwanza alikataa kumshika mkono mtu yeyote muhula mzima.

Jumapili ya wazazi ilikuwa sikukuu ya Matroni. Akina mama walifika na hotipoti za pilau, kuku, chapati, na kila mmoja alitandika kanga yake chini ya miti ya mbele ya bwalo na kuita marafiki wa mwanawe, karibuni, karibuni wanangu, njooni mle. Matroni alipita katikati yao na ndoo. Kashata ndani ya ndoo. Karanga za kukaanga ndani ya ndoo. Biskuti asizoelewa zimetengenezwa na nini, ndani ya ndoo. Siku moja alimnyang'anya bibi mmoja kikapu cha karanga alizozikaanga kwa mchanga tangu alfajiri, akaenda kuzimwaga kwenye moto wa kuchemshia maji ya kuoga. Bibi alikaa chini akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Baadaye niliambiwa kwamba yule bibi alikuwa shangazi wa Matroni mwenyewe, na kwamba hawakuongea tena.

Jioni ya siku hiyo aliwapanga watoto wote wanaolala bweni la Atupele na kuwanusa midomo. "Fungua. Haaa. Pita. Fungua. Haaa." Pua ile haikukosea. Aliyekutwa na harufu ya karanga alisugua meno kwa chumvi mpaka fizi zikatoa damu, na alilala bweni lingine siku mbili. Nilimwambia mbele ya wapishi kwamba kunusa watoto ni kitu cha kinyama. Alinijibu bila kugeuka.

"Mwalimu, wewe unataka wakupende. Nenda kawape pipi."

Na ndivyo ilivyokuwa, nilitaka wanipende. Sioni aibu kuandika hivyo sasa, maana nina aibu kubwa zaidi inayokuja mbele.

Kuna mambo yake ambayo hayakukaa vizuri na ile picha ya askari magereza, nami niliyaona nikayaweka kando. Daktari wa hospitali ya mkoa alimpa sindano na vichupa vya dawa ya dharura, akamwonyesha namna ya kuvuta dawa na kuchoma paja. Matroni aliishia darasa la saba. Alichukua viazi mviringo, akakaa nyuma ya stoo, akawa anavuta maji na kuvidunga, kimoja baada ya kingine, akijihesabia kwa Kihehe, mpaka akaweza kuvuta na kuchoma huku anatembea. Jikoni tulipika viazi vinavyovuja wiki nzima. Kisha akataka na sisi walimu tujifunze. Tulicheka. Mimi nilijaribu mara moja, sindano ikapinda, nikasema kazi hii si ya mwalimu. Aliiokota akaikunja kwenye karatasi. Dawa yenyewe aliifunga kwenye pindo la kanga aliyojifunga ndani ya gauni, na sikuwahi kumwona bila lile fundo kiunoni.

Jambo jingine lilikuwa msibani. Tulikwenda kuzika mzazi wa mwalimu mwenzetu, tukaandaliwa ugali na majani ya maboga yaliyokolea karanga, na Matroni akasogeza bakuli.

"Mbona huli mboga, dada?" mama mmoja alimuuliza. "Sisi tumeipika kwa ajili yenu."

"Nina mtoto."

"Mtoto yupi tena? Wewe si tunakujua, hujazaa?"

Wanawake walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Matroni alikula ugali wake mkavu kwa chumvi, akanawa, akaondoka. Mhehe aliyekulia Kalenga kuacha karanga si jambo dogo. Aliziacha siku Mzigo alipofika na hakuzigusa tena, asije akambebea mtoto kifo kwenye kucha.

Lakini usidhani alimpenda mtoto kwa namna mtoto anavyojua kupendwa. Katika miaka yote hiyo sikumwona akimshika kichwa. Hakumsifia. Atupele alipokuwa wa tatu darasani alimwambia, "Wa tatu na bado unaacha kikombe bila kufunika." Mtoto alimwogopa kiasi kwamba akisikia buti aliweka sahani chini akasimama. Naomba hilo likumbukwe, maana lilikuja kufanya kazi yake.

Sasa niseme habari za mashine.

Shuleni unga wa watoto wote ulikuja kwa magunia, lakini wa Atupele ulikuwa wa peke yake. Matroni alichagua mahindi mwenyewe, akayaosha, akayaanika kwenye mkeka ambao hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga, kisha akayapeleka kusaga kwenye mashine ya pale Kihesa, yeye na mtoto, kila Jumamosi ya pili. Mashine ile ilisaga kila kitu. Anakuja mwenye mahindi, anakuja mwenye ulezi, anakuja mama mwenye ndoo ya lishe ambayo ni mahindi, soya na karanga pamoja. Na kila aliyewahi kusaga anajua kwamba unga wa mwanzo unaotoka kwenye mfuko wa kitambaa si wako. Ni mabaki ya aliyekutangulia. Kwa mtu wa kawaida si kitu, unga ni unga.

Kwa hiyo Matroni alikuwa na sheria zake. Alimuuliza kila mwenye ndoo amebeba nini, akafunua na kunusa, hata kama mwenyewe amenuna. Akikuta kuna aliyesaga lishe, alisubiri wapite watu watatu wa mahindi matupu. Zamu yake ikifika alimimina kwanza galoni moja ya mahindi ya kuoshea mashine, unga wake akaupeleka kwa nguruwe. Na kubwa kuliko yote, hakukubali kutangulizwa. Pale Kihesa mwalimu, matroni, mke wa mchungaji, hawapangi foleni. Watu wanasogea, wanasema pita mama, na wewe unapita na kushukuru. Yeye akiambiwa pita alisimama palepale na buti zake. Walimwona ana majivuno. Msagaji alimpa jina, Bwana Afya, na foleni nzima ilicheka akitokea.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, Atupele akiwa darasa la tatu, dada yake Matroni alifariki Kalenga. Unga wa mtoto ulikuwa umebaki wa siku mbili. Alikuja nyumbani kwangu akiwa tayari na begi.

"Mwalimu, kesho utanisagia hii mahindi ya Mzigo. Nenda naye, lazima ajue unga wake. Uliza kila mtu. Osha mashine na galoni hii. Na usikubali kutangulizwa. Wakisema pita, kataa. Wakisema unaringa, ringa."

"Matroni, nimesikia. Nenda kazike."

"Rudia nilivyosema."

Nilirudia, nikicheka moyoni.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu na baridi kali. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama wamejitanda vitenge, ndoo zimepangwa ukutani. Mama mmoja alikuwa anafunga ndoo yake ya unga, ameshamaliza. Msagaji, mweupe kwa unga mpaka kope, aliniona akanisalimu kwa Kihehe.

"Aa, Mwalimu! Kamwene! Jamani mpisheni Mwalimu. Mwalimu pita, wewe sio wa kukaa foleni na sisi."

Wanawake wakasogea. Mmoja aliinua ndoo yake ili nisiikanyage. Niseme kweli, nilifurahi. Shuleni nilikuwa mtu wa kusaini magunia, na hapa watu wazima walikuwa wananipisha kwenye matope wakitabasamu. Nikapiga hatua, na Atupele akanivuta sweta.

"Mwalimu, Matroni anasemaga tusitangulie."

"Nyamaza."

"Anasemaga tumuulize yule mama kasaga nini."

"Nimesema nyamaza. Watu wanatuheshimu, wewe unataka tuwaaibishe?"

Akaliachia sweta langu. Nikamwaga mahindi kwenye mdomo wa mashine. Galoni ya kuoshea niliimwaga pamoja na mengine, kwa sababu kulikuwa na mwanamke nyuma yangu aliyekuja na kibaba tu cha mahindi kwenye mfuko wa nailoni, na sikuweza kumwaga unga kwa nguruwe mbele ya macho yake. Hayo yote yalikuwa mambo ya utu. Nilirudi shuleni na ndoo imejaa, moto bado, nikijisifu kwamba nimemaliza kwa nusu saa kazi inayomchukua Matroni nusu siku.

Alirudi Jumapili jioni, amenyoa kichwa. Alikuja moja kwa moja stoo.

"Ulifanya nilivyosema?"

"Nilifanya."

Neno moja. Nililisema kirahisi, namna mtu anavyoitikia salamu. Atupele alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika sahani nyekundu kifuani, ananitazama. Mwalimu alikuwa amemwambia anyamaze, na kwa Matroni mtoto huyu hakuwahi kupeleka neno lolote ambalo hakuulizwa. Asubuhi ya Jumatatu Matroni alipika uji kwa mkono wake mwenyewe na kumpa. Wapishi waliniambia kwamba mtoto alikitazama kile kikombe kwa muda mrefu. Matroni akamwambia, "Unakitazama kitakukimbia? Kunywa." Akanywa.

Nilimwona akitoka jikoni anajikuna shingo. Hatua kumi, akapiga magoti. Matroni aliruka ngazi na buti zake, fundo la kanga liko wazi tayari, akavuta dawa akiwa anakimbia, akamchoma kwenye paja kupitia sketi. Nilisimama nimeshika daftari la stoo. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari la shule, na njiani, dereva alitusimulia, alimchoma ya pili huku anamtukana, "Pumua, mjinga wewe, pumua, nani kakwambia ufe." Daktari alisema bila ile ya kwanza wangepeleka maiti.

Jumatano nilikwenda hospitali kumwona. Nilimkuta peke yake, uso bado umevimba. Nilikaa kitandani nikamshika mguu.

"Atupele, kule mashineni tulikwenda vizuri tu, sivyo?"

Aligeuza uso ukutani. Nikaondoka nimeridhika. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Mama Atu alikuwa amefika kutoka Mbeya, sauti imekauka. Mwalimu Mkuu alihitaji mtu wa kumtwika lawama, na hilo tulilijua wote tuliokaa pale.

"Huu unga," alisema, "nani alihusika nao?"

Matroni alinigeukia. Hakunitazama kwa ukali, ndilo lililonisumbua. Alinitazama anavyomtazama mtoto aliyesikia buti na bado ana nafasi ya kuacha ujinga wake mwenyewe. Mwalimu wa hesabu alikohoa.

"Unga wa Atupele hukaa kwa Matroni," nikasema.

Ni kweli, ulikaa kwake. Hakuna neno la uongo katika sentensi ile.

Matroni aliitikia kwa kichwa. "Uji nilipika mimi," alisema, na hakuongeza.

Alifukuzwa, akaondoka Ijumaa na begi lilelile alilokwenda nalo msibani. Watoto walisikia, wakatoka madarasani, wakapanga mistari hadi getini wakigonga sahani na vijiko na kuimba. Kikojozi aligonga kuliko wote. Matroni alipita katikati yao na buti zake, hakuinamisha kichwa. Atupele hakuwepo, alikuwa bado hospitali. Mimi nilikuwa barazani na nilikuwa na uwezo wa kuwanyamazisha.

Nikakabidhiwa kazi zake za jikoni. Nilitoa kigoda, ile sahani nyekundu nikampa mlinzi alishie mbwa. Atupele aliporudi nilimketisha katikati ya wenzake, nikawaambia wampigie makofi, nikaahidi kwamba kwenye shule hii hakuna tena wa kutengwa. Walimu walinisifu. Mtoto hakula. Wiki nzima alikula mayai aliyoyamenya mwenyewe na ndizi aliyoiosha na ganda lake. Nilimpikia wali kwa mkono wangu, nikampelekea na kijiko kipya.

"Shiba, mwanangu."

"Nimeshiba, Mwalimu."

Mwisho wa muhula mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mama yake alikuja akamchukua na sanduku lake, bila kuniaga.

Miaka imepita. Mwaka huu, mwezi wa saba, nilikwenda Mbeya kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Alinituma na ndoo ya mahindi. "Dada, nenda kwenye ile mashine ya uchochoro wa nyuma ya soko la Mwanjelwa," alisema. "Wanasaga mahindi matupu, karanga wala soya hawapokei. Unga wao ni msafi, wenye watoto wachanga wote tunaenda kule." Nikaenda bila kuwaza lolote.

Nilimsikia kabla sijamwona. "Umebeba nini? Funua." Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, jicho moja limeingia ukungu, fimbo magotini, sweta la rangi nyingine, buti zilezile au ndugu zake. Watu walikuwa wanafunua ndoo zao, anainama, ananusa, anaitikia kwa kichwa. Ndani, kwenye mashine, alisimama msichana mrefu mwenye kilemba, mweupe kwa unga mpaka kope. Nilimfahamu kwa namna alivyobeba kidevu, juu, shingo wazi.

Ningeweza kugeuka. Nilikuwa nimeshaanza kugeuka.

"Mwenye ndoo ya bluu, umebeba nini?"

"Mahindi. Shikamoo, Matroni."

Fimbo ilitulia. "Marahaba, Mwalimu."

Nikachuchumaa mbele yake hapohapo kwenye pumba. Nilisema yale niliyoyabeba miaka yote, haraka, kwa sauti ya chini ili foleni isisikie: kwamba ni mimi niliyesaga, nilitangulizwa, sikuosha, nikamdanganya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Nililamba unga uliobaki. Miaka mitatu sijala karanga, ningekosa kuijua?"

"Sasa kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Nilikungoja wewe useme. Nikakungoja mpaka getini." Alifuta jicho lake bovu kwa kidole. "Mzigo alikitazama kile kikombe akashindwa kuniambia, kwa sababu aliniogopa. Hilo ni langu, nimelibeba. Mama yake alinifuata Kalenga, nikamwambia hilo langu, naye akanileta huku kwake. Lako nilikuachia."

"Matroni, nisamehe."

"Muombe aliyekunywa."

Kisha akanyanyua fimbo, na ile sauti ya puani ikajaa uchochoro mzima.

"Jamani, mpisheni Mwalimu! Mwalimu pita. Wewe sio wa kukaa foleni na sisi."

Watu wa Mbeya ni waungwana. Walisogea wote kwa pamoja, ndoo zikavutwa ukutani, mama mmoja akaniambia karibu mwalimu wangu, pita tu. Njia ikawa wazi kuanzia kwenye kiti hadi kwenye mashine. Nilipita. Sikuwa na namna nyingine. Atupele alikuwa ameweka mkono juu ya mdomo wa mashine. Alinitazama kwa utulivu, halafu akaitazama ndoo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Atu. Nimekuja..."

"Sisi hatutangulii," alisema.

Alisema kwa adabu, kwa sauti ileile ya mtoto anayevuta sweta, ila sasa hakukuwa na wa kumnyamazisha. Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nilirudi hadi mwisho wa foleni, nikiwapita wote walionipisha. Akaja mama na mtoto mgongoni, nikampisha. Wakaja wasichana wawili na ndoo ndogo za sado, nikawapisha. Kila aliyekuja nilimwambia pita, nao walinishukuru, wakidhani ni wema. Matroni aliendelea kufunua na kunusa. Hakunitazama tena. Mashine ilipozimwa mahindi yangu yalikuwa bado kwenye ndoo, nikayabeba nikarudi nayo.

Mdogo wangu alishangaa. Aliniuliza kulikoni.

"Foleni ilikuwa ndefu," nikamwambia.